Sentensi ya Farasi

Ilikuwa Jumatano, siku ya tatu ya upelelezi, na Wendell Trembath alikuwa bado hajui lile neno maana yake nini. Miaka kumi na tisa amekuwa naibu wa sherifu mjini Osier. Amekamata wezi wa mbao, amekamata wapika gongo, amemkamata hata mume mmoja aliyemzika mkewe chini ya banda la kuku akaendelea kuokota mayai kila asubuhi. Lakini kesi ya neno alikuwa hajapata kuiona. Na neno lenyewe wala halikuwa la kistaarabu: *taciturn*. Alijaribu kulitamka peke yake ofisini, akajiona mjinga.

Mezani palikuwa na karatasi mbili. Moja ilikuwa ya mtihani wa Aune Hakala, binti wa miaka kumi na saba, mama yake mfagiaji wa shule ya sekondari. Ya pili ilikuwa karatasi ya majibu, iliyokuwa imefungiwa kwenye sefu la shule, imeandikwa na mtunga mtihani mwenyewe, Mwalimu Clayton Penhale. Swali la kumi na nne lilimtaka mtahiniwa aeleze maana ya neno hilo, kisha alitumie katika sentensi aliyoitunga mwenyewe. Aune alikuwa ameandika hivi: *Mtu yule taciturn hakusema neno siku nzima ya harusi yake, ila aliuliza ni nani atakayemlisha farasi.*

Mfano wa jibu zuri, kwa mkono wa Penhale, ulikuwa huo huo. Neno kwa neno, hadi mkato mmoja uliowekwa pale pale. Trembath alishayahesabu maneno mara nne, kwa kidole, na kila mara yalilingana.

Mtihani ule ulimpeleka chuo kikuu mtoto mmoja tu kila mwaka katika wilaya nzima, miaka minne, bila mzazi kutoa senti. Aune alikuwa wa kwanza. Ijumaa saa nne asubuhi kamati ingekaa, na kama Trembath angesema binti ameiba majibu, nafasi ingekwenda kwa aliyemfuata, na barua ingeandikwa kwa kila chuo jimboni Michigan kwamba huyu ni mwizi wa mitihani. Binti angebaki Osier na ndoo ya mama yake.

Alimwita ofisini kwa mara ya tatu.

"Aune, mimi si adui yako."

"Najua, afande."

"Wewe na mama yako mna funguo za ofisi ya shule?"

"Tunazo."

"Sefu mlilifungua?"

"Hapana."

"Basi sentensi umeitoa wapi?"

"Naijua tu."

"Tangu lini?"

"Tangu mdogo."

"Nani alikufundisha?"

Binti akatazama viatu vyake. Theluji ya Aprili ilikuwa ikiyeyuka juu yake na kuchora dimbwi sakafuni. "Siwezi kusema."

"Huwezi, au hutaki?"

"Siwezi, afande. Ningeweza ningesema siku ile ile."

Trembath alisikia hasira, halafu akasikia huruma, na vyote viwili havikumsaidia kitu. Alimruhusu aende. Alifungua kamusi aliyoazima maktaba, akasoma kwamba *taciturn* ni mtu ambaye kwa tabia yake haelekei kwenye mazungumzo. Akasoma tena. Sasa huyo ni mtu mwenye haya, au mwenye kiburi, au anayeficha jambo? Kamusi ilikuwa imenyamaza juu ya hilo.

Akaenda shuleni. Karani wa shule, Gladys Opie, alimletea bahasha iliyokuwa imehifadhi karatasi ya majibu kabla ya mtihani. Trembath aliiinua dirishani. Gundi ya mdomo wa bahasha ilikuwa mbichi kuliko tarehe iliyoandikwa juu yake.

"Bi. Gladys, hii imefunguliwa ikafungwa tena."

Mama wa watu akageuka mwekundu hadi shingoni. "Nilijua tu! Nilimwaga kahawa, Wendell. Bahasha ya kwanza ililowa. Nikabadilisha."

"Peke yako?"

"Mwalimu Penhale amesimama hapo hapo ulipo, ananigombeza. Aliiweka mwenyewe ndani ya ile mpya, akailamba mwenyewe, akafunga sefu mwenyewe. Ufunguo wa sefu ni mmoja na analala nao. Muulize."

Alimwuliza. Mwalimu Penhale alikuwa darasani, anafuta ubao kwa mistari iliyonyooka. Alithibitisha kila kitu: kahawa, bahasha, ufunguo.

"Kwa hiyo binti hakuweza kuiona karatasi," Trembath alisema.

"Na bado ameiandika. Kazi ya kueleza alivyoiona ni yako, siyo yangu."

"Sentensi ni yako mwenyewe?"

"Sentensi zote za mitihani yangu nazitunga mwenyewe. Mwaka wa thelathini na nne huu."

"Uliwahi kuisema darasani? Kanisani? Kwa mkeo?"

"Kamwe."

"Umewahi kufuga farasi, Mwalimu?"

Penhale akavua miwani. "Farasi?"

"Nauliza tu. Mtu anaoa, anauliza habari za farasi. Farasi ametoka wapi?"

"Huo unaitwa ubunifu, Wendell. Nilikufundisha miaka miwili. Wewe hukujaliwa."

Trembath alitoka pale masikio yanamchoma. Hakuna aliyefungua sefu, hakuna aliyeisikia sentensi, na sentensi imetoka. Kichwa kilimzunguka hata akapita gari lake akaenda kwa miguu, akaingia kwa Lempi Ranta, mwoka mikate, kutafuta kahawa.

Lempi alikuwa anasuka mkate wa iliki kwa mikono yote miwili. Duka lilinukia utamu. Trembath akajimiminia kahawa.

"Uso wako una nini leo?" aliuliza. "Kama umefiwa."

"Neno, Lempi, limenitoa jasho. Wewe unajua maana ya *taciturn*?"

"Huyo si mtu asiye na maneno," Lempi alisema bila kuinua kichwa. "Si kwamba ana haya, si kwamba anaringa. Ndivyo alivyoumbwa. *Mtu yule taciturn hakusema neno siku nzima ya harusi yake, ila aliuliza ni nani atakayemlisha farasi.*"

Kikombe kilimponyoka Trembath kikavunjika sakafuni.

"Sema tena."

Lempi aliinua kichwa. Alimwona afisa, akaona beji, akakumbuka anaongea na nani. Mdomo ukafungwa kama mlango wa benki. "Kahawa nyingine nitakuletea. Mkate utachelewa."

"Lempi, umeitoa wapi?"

"Mkate utachelewa, nimesema."

Alivuka barabara hadi kwa Reino, kinyozi wa miaka hamsini, ambaye shule aliiacha akiwa na miaka kumi na mbili aende mgodini. Trembath hakuvua hata kofia. "Reino, *taciturn*." Na Reino, wembe mkononi, akaitoa yote, harusi na farasi wake, kwa sauti ya mtoto anayetoa shairi. Kisha naye akabana midomo, akarudi kwenye kidevu cha mteja.

Trembath akajaribu watu wengine. Mchungaji hakulijua. Mkuu wa posta alidhani ni jina la dawa ya kikohozi. Mke wa daktari alilijua, lakini farasi hakumtaja. Trembath alisimama njiapanda na daftari lake, akaandika majina pande mbili za ukurasa. Waliomjua farasi wote walikuwa Wafini, watu wa asili ya Ufini. Wasiomjua hawakuwa Wafini. Sasa je, Wafini wote wa Osier wamefungua sefu la Penhale, pamoja na kinyozi? Ni mazingaombwe gani haya?

Akakumbuka kitu. Kwa Lempi, nyuma ya mlango, palining'inia taulo na fungu la vijiti vyenye majani makavu. Kwa Reino pia, kwenye msumari, taulo na fungu lile lile. Na leo ni Jumatano, siku ya Wafini kwenda sauna, bafu lao la mvuke.

Trembath alipiga hatua tatu kuelekea Mtaa wa Tano, akasimama. Ukoo wake, kama wa Penhale, ulitoka Cornwall, Uingereza, watu wanaooga kwao, mlango umefungwa kwa komeo. Katika miaka arobaini na minne ya maisha yake hapo mjini alikuwa hajaingia sauna ya Wafini hata mara moja. Akashusha pumzi, akaenda.

Mwenye sauna, Impi Kallio, alikaa kwenye kidirisha cha mlangoni. Mwanamke wa miaka arobaini na tisa, mjane, mabega mapana, macho yasiyopepesa. Alimsukumia taulo na kipande cha sabuni.

"Wanaume kulia. Bunduki utaniachia mimi."

"Nimekuja kuuliza maswali."

"Humu hatuulizi maswali tumevaa nguo."

Kwenye chumba cha kuvulia palikuwa na ubao mweusi, na juu yake neno moja limeandikwa kwa chaki, *loquacious*, na chini yake sentensi: *Mke wangu loquacious alimweleza daktari ugonjwa wangu wote kabla sijavua koti.* Trembath aliitazama mpaka mtu akamgusa bega.

"Vua zote, afande," alisema mzee mmoja mchimba shaba, yuko kama alivyozaliwa. "Mficha uchi hazai."

Ndani palikuwa na giza na mabenchi ya ngazi tatu. Joto lilimshika koo. Wanaume watano walikaa kimya wanatiririka jasho, Reino miongoni mwao. Mzee akachota maji kwa kata, akaishikilia juu ya mawe ya moto bila kuyamwaga.

"Ya nani zamu?"

"Ya mgeni," Reino alisema, na wenzake wakacheka.

"Zamu ya nini?"

"Hakuna mvuke bila sentensi. Umesoma ubao? Itoe."

Trembath akajikanyaga, mke akawa daktari, daktari akawa mgonjwa. Walicheka mpaka mmoja akateremka benchi. Mzee akamhurumia, akamwaga maji, na mvuke ukaja ukamfunga masikio.

"Na *taciturn*?" aliuliza kwa shida.

Wote watano wakajibu kwa pamoja, kama kanisani, hadi farasi.

"Mlifundishwa lini?"

"Mimi mwaka 1933," mzee alisema. "Nilikuwa sijui hata kuomba chumvi kwa Kiingereza. Kila wiki neno. Mwaka ukiisha tunarudia. Ubao wa wanawake una neno lile lile."

"Aune Hakala huja?"

"Tangu anabebwa mgongoni."

"Sasa kwa nini hakusema? Binti anapoteza maisha yake! Kwa nini hata mmoja wenu hakuja kusema?"

Mzee akaweka kata chini. "Kinachosemwa kwenye joto hakitoki mlangoni. Ndiyo sheria ya humu. Tumejadili siku zote hizi. Tulimwambia mwenye sheria ailegeze, tuseme binti alijifunza humu. Amekataa."

"Nani mwenye sheria?"

Wote wakatazama ukuta, upande wa kidirisha cha mlangoni.

Trembath alitoka anayumba, akavaa shati juu ya jasho, akakaa kwenye kigoda mbele ya Impi Kallio. Alimwomba maji, akanywa glasi mbili. Kisha akauliza swali alilodhani ni rahisi.

"Bi. Impi, ile sentensi ya farasi uliipata kwenye kitabu gani?"

"Kitabu?" Mama akacheka cheko fupi, la uchungu. "Farasi alikuwa wetu. Aliitwa Poju. Aliyeoa ni baba yangu. Mama alitusimulia kila Krismasi, baba ameketi pale pale, anakula, hakanushi."

"Kwa hiyo wewe ndiye uliyeitunga."

"Mimi."

"Mbona Mwalimu Penhale anasema ni yake?"

Impi hakujua hilo. Trembath aliona lilivyompata. Mji mzima uliambiwa binti ameiba jibu. Ni jibu gani, kamati haikutangaza. Impi akashika ukingo wa kidirisha.

"Yake?" alisema. "Ameiita yake?"

"Aliisikia wapi, mama? Hapa hajawahi kuingia."

"Penhale aingie hapa! Hata tai hawezi kuivua." Alikunja taulo. "Nilifanya mtihani ule ule, afande. Masika ya mwaka wa ishirini na tisa. Nilikuwa na miaka kumi na saba, Kiingereza nimekisoma miaka mitano. Msahihishaji alikuwa kijana, mgeni kazini, Penhale. Wakaniita, wakaniambia sentensi kama ile mtoto wa mchimba shaba hawezi kuitunga. Nimeiba kwenye kitabu. Kitabu gani? Hawakusema. Walinitoa."

"Ndiyo ukaweka sheria."

"Mara ya mwisho nilipotoka na sentensi yangu mlangoni, niliitwa mwizi. Nikasema watu wangu watajifunza, lakini hakuna atakayewaona wakijifunza. Nilidhani ninawakinga." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Sasa nimemuua mtoto wa watu."

"Bado hajafa," Trembath alisema. "Lakini neno lako peke yako halitoshi. Watasema mnalindana. Ile karatasi yako iko wapi?"

"Nitajuaje? Mimi walinirudishia kalamu tu."

Alhamisi nzima Trembath aliimalizia kwenye ghala la chini la mahakama ya wilaya. Kanuni ya mfuko wa masomo ilitaka kila karatasi ihifadhiwe, na kwa bahati watu wa Osier hutunza kanuni kuliko wanavyotunza meno. Mabunda yalifungwa kwa kamba, yamerundikwa bila mpangilio. Panya walishamaliza mwaka wa ishirini na sita wote. Bunda la ishirini na saba lilikuwa na picha za wahitimu, halimhusu. Saa kumi alasiri akapata la ishirini na tisa, chini ya kiti kilichovunjika. Karatasi ishirini na tatu. Ya kumi na nane ilikuwa na jina Impi Niemi, jina lake kabla hajaolewa. Trembath alisoma swali la tisa, akakaa sakafuni.

Ijumaa saa nne, kamati ilikutana katika maktaba ya shule. Mwenyekiti, Bi. Cora Ostrander, mama mwembamba aliyezoea kutii saa, alikaa katikati. Penhale kulia kwake. Aune na mama yake walikaa nyuma kabisa, mama bado ana aproni. Impi Kallio alikuja na Trembath, akasimama ukutani, akakataa kiti.

"Naibu Trembath, binti ameiona karatasi ya majibu au hakuiona?"

"Hakuiona. Sentensi aliisoma ubaoni kwenye sauna ya Mtaa wa Tano. Watu mia mbili wanaijua. Mimi mwenyewe naijua sasa."

"Basi imevuja mapema zaidi," Penhale alisema. "Mtu aliichukua kwangu akaipeleka huko."

"Lini, Mwalimu?"

"Nitajuaje?"

"Uliitunga lini?"

"Januari hii. Nilikaa nayo jioni nzima."

Trembath alitoa karatasi ya zamani, akaiweka mezani, kando ya zile mbili. Ilikuwa ya manjano, wino umefifia, lakini farasi alikuwapo. Pembeni, kwa wino mwekundu, paliandikwa: *Lugha hii si ya mtoto huyu. Imenakiliwa. Sifuri.* Chini yake herufi mbili, C.P.

Bi. Ostrander alizisoma zote tatu, kushoto kwenda kulia, kisha akarudia. Alimsogezea Penhale ile ya zamani.

Penhale aliishika karatasi karibu na pua. Trembath alimtazama usoni akitafuta ujanja, ile kazi aliyoizoea, na hakuuona. Mwalimu alikuwa amepotea kabisa, kama mtu asiyekumbuka kwamba aliwahi kuisoma.

"Nilikaa nayo jioni nzima," alirudia. "Ilinijia tu... Nilifurahi. Nusura nimwite hata mke wangu..."

"Huo mwandiko ni wako?" mwenyekiti aliuliza.

"Ni wangu."

"Hukuwa na farasi, Mwalimu," Trembath alisema. "Yule mama alikuwa naye."

Penhale aligeuka, akamwona Impi kwa mara ya kwanza asubuhi ile. "Niliona ni nzuri mno," alisema kwa sauti ya chini. "Ndiyo maana nilidhani... Ilikuwa nzuri mno."

Bi. Ostrander alichukua kalamu. Alimwita Aune mbele, akamwambia jina lake linabaki la kwanza, na barua ya chuo itatoka leo. Mama yake Aune alijifunika uso kwa aproni, akalia waziwazi. Aune akamkimbilia Impi, akamkumbatia kiunoni, na wakabaki hivyo muda, mkubwa na mdogo.

"Na wewe, Bi. Kallio," mwenyekiti alisema baadaye, akiona aibu, "kamati haina namna ya kurudisha miaka thelathini na miwili. Mfuko hauruhusu kulipa nyuma. Sijui tukufanyie nini."

"Sitaki malipo." Impi alimwachia binti taratibu. "Barua ya kuniita mwizi haikuja kwangu. Ilipelekwa kwa baba, kwa sababu sikuwa nimetimiza umri. Alimpa jirani amsomee. Tangu siku ile hadi tunamzika, baba alifunga kabati la sahani kwa kufuli kila nilipokuja kumtembelea. Naomba barua nyingine, mama. Muandikieni yeye. Nitaisoma kaburini kwake."

Bi. Ostrander alivuta karatasi nyeupe, akachovya kalamu.

"Jina la baba yako?" aliuliza.

"Kustaa Niemi," Impi alisema, na akasogea mezani ahakikishe limeandikwa sawasawa.